Farasi, Treni na Nauli: Gharama za Safari za Mwajiriwa katika Kodi ya Uingereza

Mwaka 1853 William Gladstone, waziri wa fedha wa Uingereza, alipitisha bungeni sheria mpya ya kodi ya mapato. Kifungu chake cha 51 kilikuwa kifupi, lakini kilidumu kuliko waziri mwenyewe na kuliko malkia aliyemtumikia. Kilisema kwamba mtu mwenye cheo au ajira akilazimika kutumia fedha zake kusafiri katika kutekeleza kazi yake, au kufuga farasi wa kumwezesha kuitekeleza, au kutumia fedha kwa jambo jingine lolote, zote zikiwa pekee na kwa lazima katika utekelezaji huo, basi fedha hizo zitolewe kwanza kwenye mapato, na kodi itozwe kwa kinachobaki.

Farasi huyo hakuwekwa pale kwa mapambo. Fungu la kodi lililohusu waajiriwa wakati ule liliwalenga hasa wenye vyeo vya serikali na vya mashirika ya umma, na wengi wao kazi yao ilikuwa barabarani. Maofisa wa ushuru walipangiwa maeneo ya aina mbili: ya kutembea kwa miguu mijini, na ya kupanda farasi vijijini. Mshairi Robert Burns wa Scotland alikuwa mmoja wa hao wa farasi miongo kadhaa kabla ya Gladstone. Ili kupima mapipa ya pombe na kukagua viwanda vya ngozi alizunguka karibu maili 200 kwa wiki, mvua na theluji zikimpiga. Kwa mtu wa namna hiyo, kumuuliza safari inaishia wapi na kazi inaanzia wapi ni upuuzi. Akishapanda tandiko, yuko kazini.

Gladstone mwenyewe hakukusudia kodi hiyo ikae. Aliipangia ishuke kidogo kidogo, kutoka peni 7 kwa kila pauni, hadi ifutwe kabisa mwaka 1860. Mwaka mmoja baadaye vita vya Crimea vikazuka, hazina ikahitaji fedha, mpango ukafa. Kodi ikabaki, na kifungu chake cha farasi kikabaki nayo.

Kwa miaka mingi kifungu hicho hakikuwagusa watu wengi. Chini ya pauni 100 kwa mwaka hapakuwa na kodi ya mapato, na fundi au kibarua hakufika huko. Bunge liliposhughulika na nauli ya mfanyakazi, lilipita njia nyingine: sheria ya 1883 ililazimisha kampuni za reli kuendesha treni za bei nafuu za wafanyakazi alfajiri na jioni. Treni hizo zilisaidia kuijenga London ya pembezoni, ile ya watu wanaolala mbali na wanakofanyia kazi. Wakati huo huo wenye mapato ya kutozwa walianza kugonga mlango wa mahakama. Mwaka 1887 wakili mmoja, ambaye pia alikuwa karani wa mahakimu katika mji mwingine, alidai atolewe nauli ya kwenda huko. Majaji wakamkatalia. Walisema kazi ya ukarani inaanza akifika. Njiani bado alikuwa mtu binafsi anayekwenda kazini.

Jibu hilo lilipewa muhuri wa mwisho mwaka 1925, katika kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria ya kodi wa Kiingereza huisoma. Wakili aitwaye Ricketts aliishi London na kufanya uwakili wake huko. Pamoja na hayo aliteuliwa kuwa hakimu wa mji wa bandari wa Portsmouth, umbali wa maili 70 hivi, ambako baraza la mahakama lilikaa kila robo mwaka. Zamu ilipofika alipanda treni, akalala hotelini, akasikiliza kesi, akarudi. Katika hesabu zake za kodi aliomba atolewe vitu vitatu: nauli ya treni, gharama za hoteli, na fedha za kubebewa sanduku la bati hadi mahakamani. Ndani ya sanduku mlikuwa na joho lake na wigi.

Napenda sana sanduku lile. Madai mengine yote unaweza kuyabishia, lakini hakimu wa Kiingereza bila wigi si hakimu, na wigi haliendi lenyewe.

Hoja ya Ricketts ilikuwa na mantiki. Cheo kile kilipaswa kushikwa na wakili, mawakili wakubwa kazi yao iko London, basi atakayeshika cheo cha Portsmouth lazima asafiri. Suala likapanda hadi Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa wakati ule. Lodi Cave, aliyekuwa mkuu wa majaji wa baraza hilo, akalipangua kwa upole wa kutisha. Ricketts hasafiri kwa sababu ya kazi yake ya Portsmouth, alisema. Anasafiri kwa sababu amependa kukaa na kufanya kazi zake mahali pengine. Sheria haikumkataza kuhamia Portsmouth. Na kuhusu hoteli, mtu lazima ale na alale mahali fulani, awe ametoa hukumu siku hiyo au hakutoa. Lodi Blanesburgh akaongeza kipimo ambacho kingewasumbua walipa kodi kwa zaidi ya miaka 70: gharama inayokubalika ni ile ambayo yeyote atakayeshika cheo hicho, awe nani na akae wapi, hana budi kuitoa. Kinachotokana na hali yako binafsi au hiari yako ni mzigo wako.

Ukikaa na hukumu hiyo, utaona kwamba haisemi sana kuhusu treni. Inazungumzia makazi. Inachukulia kwamba mahali mtu anapolala amepachagua, kama anavyochagua kofia. Kwa wakili wa London mwenye uwezo wa kuhamia pwani akitaka, dhana hiyo inakaribia ukweli. Lakini hukumu ya juu haibaki na mtu mmoja. Ile ya Ricketts iliteremka ngazi hadi kwa wauguzi, makarani na waashi, ambao ramani ya makazi yao ilichorwa na kodi ya nyumba na foleni ya nyumba za halmashauri.

Mwaka 1930 akaja rubani wa ndege za abiria. Alitumia gari lake kutoka nyumbani hadi uwanja wa ndege saa ambazo hakuna usafiri mwingine, akaweka simu nyumbani ili aitwe. Vyote viwili vilikataliwa. Alipewa tu nyongeza ya gharama za malazi akiwa ng'ambo, kwa sababu pale alikuwa kweli katikati ya safari ya kazi. Kwa hiyo mtu anayelipwa kwa kusafiri angani alihesabiwa kuwa hajaanza kazi mpaka amefika uwanjani.

Kisha vita vya pili vya dunia vikabadilisha idadi ya wanaohusika. Serikali ilishusha kiwango cha mapato kinachoanza kutozwa, ikapandisha kodi ya kawaida hadi shilingi 10 kwa kila pauni, na mwaka 1944 ikaanzisha PAYE, kodi inayokatwa na mwajiri kabla mshahara haujamfikia mtu. Sasa mfanyakazi wa kiwandani naye alikuwa mlipa kodi, na kifungu kilichoandikwa kwa ajili ya wakaguzi wa ushuru waliopanda farasi kikawa chake. Farasi alikuwa bado yumo. Sheria za kodi ziliunganishwa upya mwaka 1918, tena 1952, 1970 na 1988, na kila mara waandishi wa bunge walimnakili mnyama yule kwa uaminifu, wakati barabara za nje zimejaa mabasi.

Haikuwa kwamba majaji hawakuona ugumu. Mwaka 1953 jaji Vaisey, akisikiliza kesi ya ofisa wa jeshi la akiba, alisema maneno ya kanuni ile ni ya kudanganya: yanaonekana kutoa kitu, ukiyachunguza unakuta hayatoi karibu chochote. Kisha akafuata kanuni hiyo hiyo, kama jaji anavyotakiwa.

Mwaka uliotangulia Mahakama ya Rufani ilikuwa imesikiliza kesi ya wakili aliyejiajiri, mwenye ofisi Lincoln's Inn jijini London na nyumba Whipsnade mashambani, ambako alifanya kazi jioni na wikiendi kwenye maktaba yake. Alishindwa pia. Jaji Denning alichukua nafasi hiyo kueleza historia kwa ufupi: zamani fundi aliishi juu ya duka lake, na swali la nauli halikuwapo. Reli na magari ndivyo vilivyowapeleka watu mbali na kazi zao, na wanaokwenda huko wanakwenda kwa matakwa ya maisha yao ya nyumbani, si kwa matakwa ya biashara. Maelezo mazuri, ila yanamwacha nje yule aliyehama kwa sababu kodi ya chumba cha karibu ilimshinda.

Ufa wa kwanza mkubwa ulitokea Wales magharibi. Daktari mmoja wa Fishguard alikuwa na wagonjwa wake mjini hapo, na pia aliajiriwa kwa muda katika hospitali ya Haverfordwest, maili 15 kutoka kwake, kwa kazi za uzazi na za nusukaputi. Siku za zamu alitakiwa asikae mbali na simu. Simu ikilia, alisikiliza hali ya mgonjwa, akatoa maagizo kwa waliokuwa wodini, halafu akaamua: aende mara moja, asubiri taarifa nyingine, au maagizo yatoshe. Mara nyingi aliwasha gari. Hospitali ilimrudishia gharama za maili 10 tu. Zilizozidi alizibeba mwenyewe, na mkaguzi wa kodi akataka kutoza hata zile alizorudishiwa.

Mwaka 1969 Baraza la Malodi lilimpa ushindi kwa kura 3 dhidi ya 2. Walio wengi walisema wajibu wake kwa mgonjwa ulianza pale alipoinua simu. Tangu dakika hiyo alikuwa kazini Fishguard, na alipokuwa barabarani alikuwa akitoka sehemu moja ya kazi kwenda nyingine. Usiku ule ule, hospitali ile ile, muuguzi aliyeitwa kuja kusaidia zamu bila kutoa agizo lolote kwenye simu asingeambulia kitu. Tofauti yao ilikuwa maneno machache yaliyosemwa kabla ya kuwasha gari.

Miaka 5 baadaye mlango uliofunguliwa na daktari ulipitiwa na tajiri. Edward Plunket Taylor alikuwa mfanyabiashara wa bia kutoka Kanada, aliyehamia baadaye Bahamas. Kampuni za bia za Uingereza zilimweka kuwa mkurugenzi kwa kazi moja: kuziunganisha. Ndiye aliyekuwa nyuma ya miungano iliyofikia Bass Charrington mwaka 1967. Hakutaka mshahara. Alitaka alipiwe safari zake za ndege, na kampuni zikamlipia. Kwa sheria ya 1948 fedha za gharama anazopewa mkurugenzi zilihesabiwa kuwa mapato, ila kama zingekubalika chini ya kifungu cha kale. Mkaguzi akamwandikia kodi.

Kwa kipimo cha Ricketts, Taylor alikuwa amepotea kabisa. Nani alimlazimisha kuishi Bahamas? Lakini mwaka 1974 alishinda, tena kwa kura 3 dhidi ya 2. Lodi Reid na wenzake walisema cheo hiki kiliundwa kwa ajili yake peke yake. Sehemu ya kazi aliifanya huko huko kwake. Hakuna mwingine ambaye angepewa. Kwa hiyo kile kilichokuwa hiari binafsi kwa hakimu wa Portsmouth kiligeuka kuwa sehemu ya kazi kwa bwana wa bia. Kazi ikishonwa kwa vipimo vya mtu mmoja, anwani yake nayo inaingia kwenye mshono. Lodi Wilberforce, aliyekuwa upande wa daktari mwaka 1969, safari hii alikuwa upande wa waliopinga. Na kama kuna anayetaka kujua habari za farasi: Taylor alikuwa nao, tena wa mbio. Northern Dancer, farasi wake, alishinda Kentucky Derby mwaka 1964.

Fundi mwashi yuko wapi katika haya yote? Mmoja alifika Mahakama ya Rufani mwaka 1971. Alikaa Eastbourne, akaenda saiti moja baada ya nyingine kujenga kuta, akirudi kila jioni. Denning alikubali nauli yake yote: hakuwa na karakana, vifaa na vitabu vyake vilikaa nyumbani, basi nyumba ndiyo kituo cha biashara. Ila mwashi huyu alishinda kwa sababu alikuwa amejiajiri. Mwenzake aliyepanga matofali kwenye ukuta ule ule akiwa ameajiriwa alipimwa kwa kifungu cha 1853, na kwa kifungu hicho kila asubuhi alikuwa tu mtu anayekwenda kazini, hata kama saiti ilibadilika kila mwezi. Sioni namna ya kulieleza jambo hilo kwa mwashi wa pili bila kuona aibu.

Ilichukua hadi tarehe 6 Aprili 1998 kwa bunge kurekebisha. Siku hiyo kanuni mpya zilianza kutumika. Safari ya kawaida kati ya nyumba na kituo cha kudumu cha kazi ilibaki bila nafuu, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Lakini safari ya kwenda mahali pa muda, iwe saiti, ofisi ya mteja au tawi la mbali, ilikubaliwa, hata ikianzia mlangoni kwa mfanyakazi. Mahali panapotarajiwa kutumika kwa zaidi ya miezi 24 pasingeitwa pa muda. Mwashi aliyeajiriwa akapata nauli yake, miaka 27 baada ya mwenzake. Na farasi wa Gladstone, aliyedumu karibu karne moja na nusu, akaondolewa. Baadaye vikawekwa viwango vya maili visivyohitaji risiti ya mafuta: gari peni 45 kwa kila maili katika maili 10,000 za kwanza kuanzia 2011, baiskeli peni 20.

Nafuu yoyote ya kodi hupata wanaoitafutia matumizi. Zilikuja kampuni za kati zilizoitwa za mwavuli, zilizowaajiri vibarua wa mawakala kwa mkataba mmoja mrefu na kuwatuma sehemu moja baada ya nyingine. Kwenye makaratasi kila sehemu ilikuwa ya muda, kwa hiyo kila nauli ya asubuhi ilikatwa kwenye mapato. Mara nyingi mfanyakazi alipata sehemu ndogo tu ya faida hiyo, nyingine ikabaki kwa waliobuni mpango. Aprili 2016 bunge likafunga njia hiyo kwa wale wanaofanya kazi chini ya usimamizi wa mteja. Na mtumishi wa serikali aliyekubaliana na idara yake afanye kazi nyumbani, akisafiri mara moja kwa wiki hadi ofisi ya Leeds, aliambiwa na mahakama mwaka 2002 kwamba Leeds ni kituo chake cha kudumu. Safari ile ilikuwa yake.

Haikuwa lazima mambo yaende hivyo. Ujerumani imeruhusu gharama za kwenda kazini zipunguzwe kwenye mapato tangu sheria ya 1920. Serikali ilipojaribu kuondoa nafuu ya kilomita 20 za kwanza kuanzia 2007, ikidai kazi inaanza kwenye geti la kiwanda, Mahakama ya Katiba iliitengua tarehe 9 Desemba 2008, kwa kuwa kutafuta fedha za bajeti peke yake si sababu ya kutosha ya kuwatofautisha walipa kodi wa karibu na wa mbali. Wajerumani wakarudishiwa fedha zao.

Afrika Mashariki ilirithi njia ya Waingereza, ikiwa na mzigo wake wa nyongeza. Mwafrika alitozwa kodi ya kibanda na ya kichwa miongo mingi kabla ya kodi ya mapato, na kodi hizo hazikuuliza mtu ametumia nini njiani. Kodi ya mapato ilijaribiwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1920, walowezi wakaipinga mpaka ikafutwa; ikarudi mwaka 1937. Tanganyika, Uganda na Zanzibar zilifuata 1940. Idara moja ya Afrika Mashariki ilisimamia kodi hiyo kwa nchi zote hadi miaka ya 1970, kila nchi ilipotunga sheria yake. Mtazamo wa London ukaingia humo: Kenya katika sheria ya 1973, na Tanzania hata katika ile ya 2004, zinaondoa kwenye mapato posho ya safari ile tu inayorudisha fedha alizotumia mfanyakazi zote na pekee kwa ajili ya kupata mapato yake.

Katika maisha ya ofisi zetu jambo hili limekuwa hadithi ya posho kuliko ya madai ya kodi. Mwajiriwa wa kawaida hakai chini mwisho wa mwaka kuorodhesha nauli. PAYE imeshakatwa, na swali la kweli ni kama pesa ya safari aliyopewa na mwajiri itaingizwa kwenye mshahara unaotozwa. Kenya ilirahisisha kwa kusema shilingi 2,000 za kwanza kwa kila siku mtu anapokuwa nje ya kituo chake kwa kazi rasmi zihesabiwe kuwa ni kurudishiwa gharama. Kiwango hicho kilikaa miaka mingi huku bei za vyumba na chakula zikipanda, na ofisi za uhasibu zikazoea mabishano kuhusu kinachozidi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2025 kimepandishwa hadi shilingi 10,000. Anayetumwa kutoka Nairobi kwenda Kisumu kwa usiku mbili ananufaika nacho. Anayepanda matatu kila alfajiri kutoka Kitengela hadi ofisini mjini anailipa nauli hiyo kutoka kwenye mshahara uliokwisha kukatwa kodi.